Tupande Mahindi Lini? Maswali ya Wakulima wa Malindi na Majibu Yake

Ukurasa huu umeandikiwa wakulima wa Malindi na Magarini, kuanzia Gede na Msabaha hadi Marafa, Langobaya na Chakama. Wenzetu wa Hindi, Witu na Mpeketoni kule Lamu wana swali lao humu, lakini mengi ya hapa yanawahusu pia. Kama una haraka, chukua hili: usipande kwa tarehe, wala usipande kwa mvua ya kwanza. Panda kwa unyevu ulioko ardhini mwako, na uwe umeshajitayarisha mapema, kwa sababu unyevu ukifika haumngoji mtu.

Masika nipande tarehe ngapi?

Kwa kawaida ni kati ya wiki ya mwisho ya Machi na mwisho wa Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote kwetu. Mvua huanza kuonja mwishoni mwa Machi, Aprili hushika, na Mei ndio mwezi wake mkubwa. Juni hupungua, na baada ya hapo hubaki manyunyu ya kusi. Ndani ya kipindi hicho cha wiki tano, siku yako huamuliwa na shamba lako, si na kalenda ya ukutani. Mtu wa Mambrui na mtu wa Chakama wanaweza kupishana wiki mbili na wote wakawa wamepanda kwa wakati.

Kama Mei ndio mwezi wa mvua nyingi, kwa nini nisipande Mei?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki, maana kwa macho linaonekana jambo la akili. Lakini mhindi hauhitaji maji mengi zaidi siku unapopandwa. Mche mdogo hunywa kidogo. Mhindi huwa na kiu kali wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Chavua hutoka kwenye mbelewele juu na kuangukia ndevu za hindi chini. Kila unywele mmoja ni punje moja. Jua likikaza siku hizo na ardhi ikiwa kavu, ndevu huchelewa kutoka, chavua hupukutika bure, na unavuna gunzi lenye punje tatu nne upande mmoja. Mmea unaweza kuwa mrefu na wa kijani kabisa, lakini chakula hakuna.

Sasa hesabu kinyumenyume. Mbegu zetu nyingi za pwani huchanua kati ya siku 50 na 60 tangu kuota, kwa sababu huku kwetu kuna joto. Ukipanda tarehe 5 Aprili, mahindi yanachanua mwanzo wa Juni, ardhi ikiwa bado imejaa maji ya Mei. Ukipanda tarehe 15 Mei, yanachanua katikati ya Julai, wakati mvua imeshakuwa ya kubahatisha na upepo wa kusi unakausha majani mchana kutwa. Shamba ni lile lile, mbegu ile ile, jasho lile lile. Kilichobadilika ni siku arobaini.

Kuna sababu ya pili ambayo haionekani kwa macho. Ardhi iliyokaa kavu miezi miwili ikiloweshwa, vijidudu vyake huamka kwa nguvu na kuachia nitrojeni kwa wingi. H. F. Birch, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alilichunguza jambo hili kwa kina miaka ya 1950. Aliyepanda mapema, mizizi yake inaikuta mbolea hiyo ya bure. Kwenye mchanga kama wetu, mvua kubwa za Mei huisukuma chini mizizi isikofika, na aliyechelewa hulazimika kuinunua dukani.

Mvua ya kwanza ikinyesha nikimbilie shambani?

Hapana. Hapa ndipo mbegu nyingi hupotea. Mvua ya Machi inaweza kupiga usiku mmoja, vyura wakalia, watoto wakacheza kwenye madimbwi, kisha jua likarudi siku kumi na mbili. Mbegu imeshaota, imemaliza akiba yake, na haina pa kunywa.

Pima mvua yako mwenyewe. Chukua mkebe wenye pande zilizonyooka, kama ule wa maziwa ya unga, uweke uwanjani mbali na miti na paa, kisha kila asubuhi kabla ya jua kali chovya rula ya mtoto wa shule usome milimita, halafu umwage. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani kama lita 4,000 kwa ekari. Basi milimita 20 ni lita 80,000 kwenye ekari yako, na zinasikika nyingi. Lakini jua la Machi la hapa Malindi huweza kunyonya karibu milimita 5 kwa siku kutoka ardhi iliyolowa, na mchanga haushiki maji kama udongo mzito. Ndiyo maana milimita 20 za siku moja kwenye mchanga mwekundu wa Magarini si za kupandia, ila kama nyingine zitafuata nyuma yake. Zikija milimita 20 leo na 15 keshokutwa, hapo anza kuchimba uone.

Kuchimba nini?

Shimo. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Siku moja baada ya mvua, nenda mahali pa kawaida shambani, si bondeni wala chini ya mwembe, uchimbe kwa jembe kiasi cha shubiri moja na nusu, karibu sentimita 30. Angalia ukuta wa shimo: sehemu iliyolowa ni nyeusi zaidi, na mpaka wake na vumbi la chini huonekana kama mstari. Mstari ukiwa karibu na juu, haujapita kina cha kiganja, ngoja. Ukiwa umefika chini ya shimo, chukua udongo wa chini kabisa uufinye mkononi. Mchanga wenye unyevu wa kutosha hufanya donge linaloshikana ukifungua kiganja, na huvunjika ukiligusa kwa kidole. Usiposhikana kabisa, bado. Kwenye udongo mweusi wa mabondeni mambo ni tofauti: ukishikana na kung'ang'ania jembe, ni mwingi mno, subiri siku mbili.

Chimba mahali patatu. Shamba moja mara nyingi lina udongo wa namna mbili, na hakuna sheria inayosema lote lipandwe siku moja.

Je, kupanda kavu kabla ya mvua kunafaa?

Kunafaa kwa mwenye shamba kubwa na mikono michache, na kwa sehemu tu ya shamba. Faida yake ni kwamba mvua ikishuka mahindi yako yameshatangulia. Hatari yake ni ile mvua ya uongo, pamoja na kwale, nyani na kuchakuro wanaofukua mbegu.

Ukiamua, panda wiki ya mwisho ya Machi, si Februari. Fukia kwa kina cha sentimita 7 hadi 8 badala ya 5 za kawaida, ili manyunyu yasiamshe mbegu, ila mvua ya kweli tu. Tumia mbegu iliyotiwa dawa. Na usizidishe theluthi ya shamba. Mwenye ekari moja hana sababu ya kucheza mchezo huu. Ekari moja familia huimaliza kwa siku mbili baada ya mvua.

Wazee wetu walihesabu kwa Nairuzi na miongo. Hesabu yao bado inafaa?

Wazee walikuwa na elimu kubwa, na inaumiza kuona ikizikwa pamoja nao. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na hutangulia siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, kwa hiyo hauwezi kuongoza jembe. Ndiyo maana wakulima na mabaharia wa pwani walishika mwaka wa jua wa Nairuzi, wenye siku 365, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ukawa na kazi yake: kufyeka, kuchoma, kupanda, kusafiri.

Cha kuangalia ni kimoja. Mwaka huo hauongezewi siku ya mwaka mrefu, kwa hivyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja ukilinganisha na majira. Katika umri wa mzee wa miaka themanini, ni siku ishirini. Aliyefundishwa na babu yake mwongo fulani wa kupanda, akiufuata leo bila kuurekebisha, atatangulia mvua. Wazee wenye ujuzi walijua hili na walikuwa wakiangalia upepo pia. Basi kama kwenu yuko anayejua miongo, kaa naye, andika anachosema, kisha peleka hesabu yake kwenye shimo la shubiri moja na nusu.

Na upepo? Na dudumizi akilia?

Upepo ni dalili ya kweli. Kaskazi inapolegea na kusi kuanza kushika, kwa kawaida Machi kuelekea Aprili, ndipo ukanda wa mvua unapopita juu yetu kuelekea kaskazini. Wavuvi hulijua jambo hili siku kadhaa kabla ya mtu wa bara. Ukiwa na ndugu anayevua Mambrui au Ngomeni, mpigie simu umuulize upepo umegeuka wapi.

Dudumizi hulia hewa ikiwa na unyevu. Huo unyevu wa hewa si lazima ushuke kwenye shamba lako. Msikilize, ila usimpandie.

Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa unaaminika?

Unasaidia sana ukijua unachokwambia. Utabiri wa msimu hutolewa kabla ya masika na kabla ya vuli, na kaunti hupata wake. Huo hukwambia kama msimu unaelekea kuwa mzuri au mbaya kuliko kawaida, na hivyo hukusaidia kuchagua mbegu na ukubwa wa shamba. Haukwambii siku ya kupanda. Kwa siku ya kupanda fuata utabiri wa siku saba, unaosomwa pia kwenye redio zetu za pwani. Shimo likiwa tayari na utabiri wa wiki unaonyesha mvua zaidi, panda asubuhi yake.

Msimu wa 2019 ni mfano mzuri. Machi ile kimbunga Idai kilipiga Msumbiji na kuvuta unyevu uliokuwa uje kwetu, mvua zikachelewa mno. Aliyeshika tarehe aliumia. Aliyengoja unyevu aliokoa mbegu yake.

El Niño na La Niña zinahusu masika?

Zinahusu vuli zaidi. El Niño kwa kawaida huzidisha mvua za Oktoba hadi Desemba, kama 1997 na 2023, na La Niña huzikausha. Bahari yetu wenyewe pia ina neno: maji ya Bahari Hindi yakiwa ya moto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwisho wa 2019. Masika haitabiriki kwa njia hiyo. Mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya maana katika sehemu nyingi kavu za Kenya, Kilifi ikiwemo, na masika mbili zilikuwa ndani ya hiyo mitano.

Vuli nipande mahindi?

Ukanda wa karibu na bahari, ndiyo, kwa kiasi. Bara, kuanzia Langobaya kwenda juu, hapana, isipokuwa utabiri ni mzuri kweli. Vuli ni fupi na hukatika ghafla. Panda mvua za Oktoba zikishalowesha ardhi, na usivuke katikati ya Novemba, kwa sababu mahindi ya mwisho wa Novemba yatachanua Januari, kwenye ukavu na kaskazi. Tumia mbegu ya muda mfupi tu, na nusu ya shamba weka kunde au pojo.

Mbegu gani kwa wakati gani?

Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kilichoko Mtwapa ndicho kilichotupa Coast Composite, kisha Pwani Hybrid, yaani PH1 na PH4. Hizi ni za joto letu. Ukipanda mwanzoni mwa Aprili, chukua PH4 au PH1. Coast Composite hukaa shambani zaidi kidogo, kwa hiyo iwe ya kwanza kuingia ardhini. Ukichelewa, au ukiwa sehemu kavu, geukia mbegu zilizotengenezwa kwa nchi kavu: Katumani, DLC1, au aina za DH. Mavuno yake ni madogo mwaka wa mvua nzuri, lakini hukimbia ukame.

Mbegu za kienyeji kama Mdzihana zina nafasi yake. Hukobolewa vizuri, sima yake ni tamu, na maganda yake hufunika gunzi hadi ncha hivyo wadudu hawaingii kirahisi. Zichague kutoka mimea iliyozaa katikati ya shamba, si pembezoni.

Usipande mbegu za H600 na kitu unazoletewa na jamaa kutoka Kitale. Ni mbegu nzuri sana kule kwenye baridi. Huku zitakaa shambani hadi mvua izikimbie.

Na popote unaponunua, angalia stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye mfuko, kwaruza namba ya siri, uitume kwa ujumbe mfupi kama ilivyoelekezwa, kabla hujalipa.

Sisi wa Lamu tufuate haya haya?

Masika, ndiyo: Mei ni mwezi wenu mkubwa kama wetu. Vuli ni jambo jingine. Mvua za vuli hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini mwa pwani, na Hindi au Mpeketoni mtu hawezi kuiwekea vuli matumaini ya sima. Wekeni nguvu zote kwenye masika, na vuli ipandeni ufuta na kunde. Na kwa kuwa nyati na viboko ni majirani zenu, kubalianeni kijiji kizima kupanda wiki moja, ili zamu za kulinda usiku ziende pamoja.

Shamba langu liko kando ya Sabaki. Nipande lini?

Ukingo wa mto una kalenda yake. Sabaki hujaa kwa mvua za Ukambani na nyanda za juu, si za Malindi peke yake, kwa hiyo unaweza kufurikiwa siku ya jua. Kitovu cha mhindi mchanga, yaani pale majani mapya yanapochipukia, huwa bado chini ya udongo hadi unapofikisha majani sita hivi. Maji yakiufunika siku mbili tatu, huoza. Sehemu ya chini ngoja mto ushuke, upande kwenye tope linalokauka, mara nyingi Juni. Unyevu wa chini utalea mahindi hata mvua ikikatika. Sehemu ya juu panda Aprili na wenzako.

Ramadhani ikiangukia wakati wa kupanda?

Kwa miaka hii ilikuwa ikigongana na kazi zetu: 2025 ilichukua karibu Machi yote. Kila mwaka inatangulia, kwa hiyo kupanda kwenyewe kutabaki nje yake, lakini kulima kutaingia ndani. Limeni kabla haijaanza. Kazi ya kupanda ikibidi, ifanyeni baada ya sala ya alfajiri hadi jua lipande, na tena baada ya alasiri. Shimo la asubuhi lina unyevu zaidi hata hivyo.

Trekta hufika kwetu Mei. Nitapandaje mapema?

Ukweli ni kwamba wengi wanaochelewa hawachelewi kwa kutojua, wanangoja trekta. Usilime lote kwa trekta. Sehemu mnayoiweza, safisheni Februari na mchimbe mashimo au mifereji ya kupandia tu, mistari ya sentimita 75, bila kupindua shamba zima. Mbegu mbili kila sentimita 50, au moja kila 25. Weka samadi kwenye shimo lenyewe. Nusu ekari iliyopandwa kwa jembe tarehe 8 Aprili ina chakula zaidi kuliko ekari ya trekta ya tarehe 20 Mei. Maandalizi mengine, mbegu na mbolea, yawe nyumbani kabla Machi haijaisha. Foleni dukani huanza siku mvua inaponyesha.

Nimepanda, yameota, mvua imekatika siku kumi. Nipande upya?

Usikimbilie. Mche uliojikunja mchana na kufunguka alfajiri bado uko hai. Ukiwa umejikunja hata alfajiri, siku tatu mfululizo, hesabu mistari mitano. Zaidi ya nusu wakiwa wazima, waache, urudishie mapengo mvua ikirudi, lakini ndani ya wiki moja tangu wenzao waote. Mhindi wa kurudishia ukichelewa zaidi hufunikwa na kivuli na hauzai. Hapo weka kunde kwenye pengo. Chini ya nusu, na bado ni Aprili, panda upya kwa mbegu fupi.

Viwavi jeshi vinahusiana na wakati wa kupanda?

Sana. Tangu kiwavi kipya kilipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba yanayopandwa kwa kupishana yamekuwa ngazi yake: anamaliza kwa jirani, anahamia kwako kwenye majani laini. Aliyepanda mwisho kijijini hulisha kizazi chote. Ugonjwa wa milia nao huwabana zaidi waliochelewa, kwa sababu panzi wadogo wanaoubeba huwa wameshaongezeka. Angalia kwenye koo la mmea mara mbili kwa wiki tangu majani matatu.

Mavuno yakiangukia mvua je?

Ya Aprili hukomaa mwishoni mwa Julai na Agosti, kipindi ambacho mvua imepungua lakini hewa bado ina unyevunyevu wa bahari. Vua, ambua, anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo. Sumu ya ukungu haina mchezo: mwaka 2004 iliua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Leo ni tarehe 18 Mei na sijapanda kitu. Nimekwisha?

Hujakwisha. Usitie shamba lote mahindi. Robo yake panda mbegu fupi kabisa, leo au kesho, sehemu ya bondeni inayoshika maji. Iliyobaki gawanya: pojo na kunde, ambazo majani ya kunde utayachuma ndani ya mwezi, mtama, kama una mtu wa kuwinga ndege, na mihogo, ambayo Mei na Juni bado ni wakati wake mzuri. Vipando vya mihogo chukua kwenye shamba lisilo na majani ya madoadoa ya manjano, vikiwa na macho matano hadi saba, na uvipande ndani ya siku mbili tatu tangu kuvikata.